Robine ya Mama

Baba yangu ndiye aliyeingiza maji ndani ya nyumba yetu. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi, ukipita barabara yetu ya Panda, hapa Likasi, na kuuliza, utaambiwa kwamba nyumba ile ni ya ukoo, maji yake ni ya ukoo, hata mpapai wa uani ulipandwa na ukoo. Ukoo haukupanda kitu. Ukoo ulikuja kwenye kilio, ukala, ukabaki.

Nyumba za mstari wetu zilijengwa zamani na kampuni ya shaba kwa ajili ya wafanyakazi wake. Ni za matofali mekundu, vyumba viwili viwili, na bomba moja la chuma linapita nyuma ya zote. Kila nyumba ilikuwa na robine yake uani, ndivyo tunavyoita kile kichwa cha bomba unachofungua na kufunga. Mama alichota hapo tangu alipoolewa. Kisha akapasuliwa tumbo, daktari akamkataza kubeba ndoo, na baba, aliyekuwa mtu wa karakana na hakukubali kwamba kuna kitu kisichotengenezeka, akaamua kwamba mama asipoweza kufuata maji, maji yatamfuata mama jikoni.

Kazi hiyo aliifanya siku za Jumapili baada ya misa, kwa vipande vya bomba kuukuu alivyookota huku na huko. Alilipitisha bomba lake chini ya chumba chao cha kulala, chumba ambacho alikuwa amekiongeza mwenyewe nyuma ya nyumba kwa matofali mabichi, akamwaga sakafu ya simenti juu yake, akatokeza jikoni. Pale jikoni akafunga robine ya shaba, nzito, nzuri, ya aina ambayo sasa huipati sokoni. Mahali pa kufungia maji kabla hayajaingia ndani hakuweka. Mama alimwuliza: je, bomba likitoboka?

"Itatoboka wakati minye nishakufa," baba akamjibu, akacheka.

Alisema kweli tupu. Sijapata kumsamehe kwa utani ule, ingawa najua hakuwa na kosa.

Siku maji yalipotoka jikoni mara ya kwanza, mama alikaa juu ya kigoda akayatazama tu yakianguka kwenye sufuria. Tangu hapo robine ile ikawa yake. Sisi watoto tulikuwa na ruhusa ya kuifungua, kuikaza hapana, eti tunaikaza vibaya. Kila Jumamosi aliisugua kwa majivu na ndimu mpaka ukajiona pua ndani yake. Majirani walimcheka. Walisema ana mke mwenzake wa shaba.

Baba alikufa mwanzoni mwa mvua, baada ya kuugua kifua muda mrefu. Kilio kikafunguliwa nyumbani. Viti na meza vikatolewa nje, magodoro yakatandikwa sebuleni, na wanawake wakajaa humo wakimzunguka mama, ambaye walimnyoa kichwa, wakamfunika kitambaa cheusi na kumkalisha pembeni. Mjane hajibu, hapiki, hasimami bila kuruhusiwa. Wanaume walikaa uani kuzunguka moto, chini ya turubai. Aliyeongoza yote alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mwanamke mnene wa sauti ndogo. Sauti ile ndogo ilitisha kuliko kelele za mtu mwingine yeyote.

Baada ya maziko, wanawake waliolala karibu na mlango wa chumba cha wazazi waliamka na godoro bichi. Mtoto wa jirani, msichana mdogo aliyekuwa amelala hapo na bibi yake, akachapwa kwa kukojoa. Alilia kwamba si yeye. Kesho yake godoro likalowa tena na mtoto hakuwepo, basi wakaanza kutazamana wao kwa wao, na mimi nikapiga magoti nikapapasa sakafu. Maji yalikuwa yakitokea kwenye ufa, pale ukuta wa baba unaposhikana na ukuta wa kampuni.

Kwetu maji huja alfajiri na hukatika kabla jua halijapanda. Ulikuwa ndio wakati wake, na uliweza kuyasikia chini ya simenti. Nilitoka nikaenda kumwita fundi wa mabomba, plombie, anayekaa si mbali na kanisa. Alikuja na gunia lake la vyuma, akiongea njia nzima juu ya mashabiki wa mpira. Alizunguka nyumba, akagonga ukuta kwa ndani na kwa nje, akaweka kidole chini ya dirisha.

"Ni koude njo inatoboka, maman," akaniambia. Koude ni kile kipande kilichopinda kama kiwiko, kinachounga mabomba mawili kwenye kona. "Tukichimba hapa inje, tunaikuta. Kazi ya asubui moja."

Nilimpa jembe la baba. Hakuwa amelishika sawasawa, shangazi akatoka.

"Iko nini hapa?"

"Bomba inatoboka, tantine. Maji iko naingia mu chumba ya mama."

"Minye naona, siko kipofu. Lakini pa kilio hatuchimbake shimo. Jembe ikishazika muntu, inalala. Ukichimba mu lupango, hapa uani, mbele kilio itoke, uko naita mufu mwingine. Unataka tuzike nani tena? Mama yako?"

Fundi alilirudisha jembe ukutani taratibu, kama mtu anayemrudisha mtoto wa wenyewe.

"Maman, minye niko na batoto," akasema, akachukua gunia lake akaondoka.

Sizicheki desturi. Najua kijijini kwa bibi yangu watu hawakulima wakiwa na msiba, na naelewa kwa nini: mwenye majonzi apumzike, asihangaishwe na shamba. Lakini desturi ile ilimpumzisha mtu. Hii ya shangazi ilikuwa inatubomolea nyumba. Tena nilipogeuka nikaona turubai, tunayoiita bashi, na chini ya turubai nguzo, na kila nguzo imesimama ndani ya shimo walilochimba wanaume wa ukoo siku ile ile baba alipokufa.

"Na hizi, tantine?" nikauliza. "Hizi shimo ya bashi?"

Shangazi alizitazama nguzo bila haraka.

"Hizo ni shimo za kilio," akasema.

Na watu wazima, wengine waliofanya kazi na baba, watu wenye akili zao, wakaitikia kwa vichwa. Nilihisi hasira ikinipanda mpaka masikio yakawa moto. Nilikuwa mwanamke, tena mtoto wa marehemu, na katika kilio mtoto wa marehemu hana la kusema. Analia tu.

Nilimfuata padri. Akaniambia hakuna mahali popote Injili inapokataza kutengeneza bomba, na akaniruhusu kusema kwamba ni yeye amesema. Nilirudi mbio na neno lile. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Padri anatoka mbali," akasema. "Kwabo bachimbe."

Nikaenda kwa majirani. Kulikuwa na njia ya kufunga maji ya mstari mzima kule mwanzoni, mpaka kilio kiishe, na sisi sote tuchote kwenye kisima cha parokia. Niliomba nyumba kwa nyumba. Walinishika mkono, walinipa pole, mmoja alinipa hata majani ya sombe, yaani kisamvu, kwa ajili ya wageni wetu. Kufunga, hapana. "Dada, maji yenyewe inakuja kidogo tu," mama wa nyumba ya pili akaniambia. "Na sisi tujioshe na nini?" Wengine husema katika hali kama hiyo kwamba hawawalaumu. Mimi nawalaumu. Mama alikuwa ameuguza watoto wao.

Basi kila alfajiri maji yaliingia. Wanawake wa ukoo, badala ya kusikitika, waliyachota pale pale yalipochuruzika mlangoni, wakaosha sufuria, wakafua vitenge vyao. Nilimsikia mmoja akisifu kwamba katika vilio vyote alivyolala, hiki hakina taabu ya maji. Mimi nilijaza magunia mchanga nikayapanga kwa ndani, nikafunga bomba la jikoni kwa mpira wa gurudumu la baiskeli, kwa kuwa ndipo mkono wangu ulipofika bila jembe. Kazi bure. Maji yalikuwa yanakula chini, kwenye matofali mabichi, na tofali bichi likilowa hurudi kuwa udongo. Lipu ilianza kumenyuka. Siku moja nilibonyeza ukuta kwa kidole, kidole kikaingia kama ndani ya bukari, ugali wetu.

Wakati huo baba mdogo, mdogo wake baba, dereva wa lori, alikuwa ameanza kupima vyumba kwa hatua. Alipima sebule, akapima jikoni, akasimama mbele ya robine akaifungua na kuifunga. Aliniuliza wapangaji wa Panda siku hizi ni watu wa namna gani, wanalipa vizuri au wasumbufu. Hapo ndipo nilipoelewa kitu walichokuja kukitafuta. Kilio kikitoka, ukoo ungekaa na kuamua kama mama anabaki.

Nilimwambia kwamba sheria haiwaruhusu kumtoa mjane ndani ya nyumba yake, na kwamba sisi watoto tupo hai.

"Sheria iko Lubumbashi," akanijibu kwa upole. "Sisi tuko Panda."

Nilipata nafasi ya kusema na mama walipotoka kumwogesha. Nilimweleza habari ya ukuta, ya hatua za baba mdogo, ya padri. Alikuwa amekonda, na kichwa kile kilichonyolewa kilimfanya aonekane msichana.

"Wachana nabo," akasema. "Bakule, balale, baende. Minye nataka tu nibakie mu chumba yangu."

Hakutaka kitu kingine. Hakutaka kiti cha baba, wala redio yake, wala baiskeli. Chumba, na jikoni iliyo karibu na chumba.

Ukuta ulianguka mchana, baada ya mvua kubwa, wakati wanawake walikuwa uani wakichambua sombe. Haukupiga kelele sana. Ilisikika kama gunia la makaa limetupwa chini kutoka garini. Tulipogeuka, kona nzima ya chumba cha wazazi wangu ilikuwa imelala matopeni, na kitanda chao kilikuwa nje, mbele ya macho ya watu wote: shuka la maua, mto wa baba wenye doa la mafuta ya nywele, suruali yake ya kazi ikining'inia kwenye msumari wa ukuta uliobaki.

Mama akasimama. Hakuruhusiwa na mtu. Alitoka sebuleni na kile kitambaa cheusi kichwani, akapita katikati yao, akakivua, akakitandika juu ya kitanda. Akabaki kichwa wazi uani, akiwakinga watu wasione mahali alipolala na mume wake.

Shangazi ndiye aliyesema wa kwanza.

"Munaona? Mufu mwenyewe anakataa. Anachukua chumba yake."

"Nyumba iko nabomoka," baba mdogo akadakia. "Mujane hawezi kulala humu. Aende kwa kaka yake, Kambove, apumuzike. Sisi tutatengeneza."

Nikasema kwamba tulitaka kutengeneza tangu zamani, ninyi ndio mliokataza. Nilisema kwa sauti ya juu. Watu walitazama moto. Mzee mmoja akaniambia, mtoto, usipigie wakubwa kelele pa kilio, na mwingine akauliza kama sombe imeiva.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Waliokataza jembe walitumia ukuta ulioanguka kwa kukosa jembe kuwa sababu ya kumtoa mama. Nimelizungusha jambo hili kichwani mara nyingi, nikijaribu kuamini kwamba shangazi aliogopa kweli, kwamba aliona kaburi la pili kila alipolitazama jembe. Pengine aliogopa. Lakini siku ya kutoa kilio, baada ya misa na pombe, jembe la baba halikulala hata usiku mmoja zaidi. Asubuhi iliyofuata baba mdogo alimleta fundi.

Alikuwa yule yule, na gunia lile lile. Mara hii hakuongea habari za mpira. Alichimba pale pale aliponionyesha kwanza, chini ya dirisha ambalo halikuwepo tena, akaitoa koude, akafunga nyingine. Watoto hawakuwa wamerudi bado kutoka shuleni, naye alikuwa ameshamaliza na ananawa mikono. Nilimwomba anionyeshe ile ya zamani. Ilikuwa imeoza kwa kutu, na tundu lake punje ya hindi ingelifunika.

Mchana ule ule lori lilikuwa linaenda Kambove, na baba mdogo alikuwa amekwisha kumwombea mama nafasi mbele, karibu na dereva. Alilieleza hilo kama fadhila. Mama alifunga nguo zake. Aliuliza habari ya sufuria zake, akaambiwa sufuria zinabaki na nyumba. Aliuliza habari ya kitanda, wakamwambia kitanda ni cha marehemu. Alisema anataka kunywa maji kabla ya safari.

"Maji ishaenda," shangazi akamwambia.

"Mu ndoo iko," mama akasema, akaingia jikoni.

Alikawia. Dereva akapiga honi, nikaingia kumwita. Nilimkuta amepiga goti mbele ya ukuta, ufunguo wa baba wa kufungulia mabomba mkononi, anaizungusha robine ya mwisho mwisho. Ilitoka. Tone moja tu lilianguka, kwa kuwa maji ya siku ile yalikuwa yamekatika, kama kila siku wakati huo. Aliifuta kwa upindo wa kitenge, akaifunga ndani yake, akaitia kwenye mkoba chini ya nguo.

"Hii aliniletea minye," akasema.

Tulitazamana. Alijua vizuri kuliko mimi saa ambayo maji hurudi. Nilichukua ndoo nikaiweka juu ya kigoda mbele ya lile bomba lililobaki wazi, ili atakayechungulia asione, kisha nikamshika mkono tukatoka. Alipanda lori bila kutazama nyuma. Shangazi alimpungia mkono.

Alfajiri yake simu yangu ililia. Baba mdogo alikuwa amelala katika nyumba ile, kwenye sebule tunayoiita salon, na magodoro yake mapya, na fundi ujenzi alikuwa ameleta simenti ikawekwa sakafuni jikoni. Sauti ndogo ya shangazi haikuwa ndogo tena.

"Mama yako anatuua! Maji iko mpaka mu salon! Anaiba robine ya ukoo! Atalala Buluo juu ya ile robine, unasikia?"

Mtu wa Likasi akitaka kukutisha anakutajia gereza la Buluo. Nilikuwa bado kitandani kwangu. Nakiri kwamba nilifurahi, furaha kali, ya kunifanya nikae kitako.

"Muchimbe, tantine," nikasema. "Kilio ishatoka."

Furaha ile haikufika jioni. Walimwita fundi, akaja, akafunga robine ya plastiki, na mahali pa kufungia maji akapaweka pia, lile jambo ambalo mama aliliuliza zamani. Simenti wakanunua nyingine. Ukuta ukajengwa upya kwa matofali ya kuchoma. Sasa wamo wapangaji, mke na mume, watu wapole, wananiamkia nikipita. Mwanamke yule aliniambia siku moja kwamba wana bahati, maji yanawafikia mpaka jikoni.

Sisi watoto tulipeleka shauri letu mbele ya wakubwa wa mjini. Bado tunaambiwa turudi kesho.

Mama yuko Kambove, katika chumba cha nyuma kwa mjomba. Nyumba ile haina bomba, na barabara nzima inachota kisimani, chini ya mteremko. Robine ameiweka dirishani. Nikienda Jumamosi namkuta ana majivu na nusu ya ndimu, anaisugua, na ananiuliza kama kule kwetu maji bado yanakuja vizuri. Namjibu yanakuja. Kisha nachukua ndoo nateremka kisimani, nachota, napanda, nachota tena, najaza kila chombo nilichokiona mle ndani, mpaka sufuria ya chai.

Yanatosha kwa Jumapili. Jumatatu anabeba ndoo mwenyewe.